Kabla ya Kumlaumu Mama, Utazame Ukuta

Nilipoingia nyumba ile mara ya kwanza ilikuwa Januari, saa kumi za jioni, na nje giza lilikwisha kuingia. Mama aliyenifungulia mlango alitoka Bukavu. Alikuwa na watoto watatu, na wa mwisho, mvulana wa miaka minne, alikuwa amelala kwenye kochi huku amefunikwa koti la mtu mzima. Nilimsikia akikohoa kabla sijamwona.

Mimi hufanya kazi ya kusaidia familia katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Si afisa mkubwa. Kazi yangu ni kwenda majumbani, kukaa na wazazi, kuuliza habari za watoto, kisha kurudi ofisini na kuandika. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Mombasa, kila faili la familia inayozungumza Kiswahili huishia mezani kwangu, awe mtu ametoka Unguja, Bujumbura au Goma. Faili la mama huyu lilifunguliwa kwa sababu mtoto alikuwa akikosa shule ya chekechea mara kwa mara. Shule ilitaka kujua kuna nini nyumbani.

Mama alinionyesha chumba cha watoto. Katika pembe ya dari palikuwa na doa jeusi lililoteremka ukutani hadi usawa wa mto wa kitanda. Harufu yake ilikuwa ya nguo zilizosahauliwa kwenye ndoo. Niligusa ukuta, nikatoa kidole kikiwa kimelowa.

"Nasafishaka kila siku, dada," akaniambia. "Na jiki. Inarudiaka."

Nikamuuliza maswali niliyofundishwa kuuliza. Madirisha unafungua? Nguo unaanika wapi? Unapopika unafunika sufuria? Akanijibu yote kwa adabu. Madirisha hafungui sana, maana mita yake ya umeme ni ya kuweka pesa kwanza, kama luku au tokeni za kwetu, na kufungua dirisha mwezi wa Januari ni kutupa pesa nje. Nguo anaanika ndani, kwani akiwa ghorofa ya tatu na mvua inanyesha ataanika wapi? Kupika, anapika maharage na sombe kama mama yeyote wa kwao.

Nikarudi ofisini nikaandika ripoti. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii, naikumbuka neno kwa neno: mama anahitaji kuelimishwa kuhusu kuingiza hewa ndani ya nyumba.

Nilidhani nimemsaidia.

Sentensi moja ilivyosafiri

Wiki sita baadaye mama alinipigia simu akaniomba nimsomee barua. Alikuwa amelalamika tena kwa shirika linalomiliki nyumba ile, na sasa alikuwa amejibiwa. Barua ilisema kwamba shirika limeangalia malalamiko yake na halikuona kosa katika jengo. Unyevu ule, walisema, unatokana na namna familia inavyoishi. Kisha wakaongeza kuwa hata mfanyakazi wa ustawi aliyeitembelea nyumba alikuwa na maoni hayo hayo. Pamoja na barua walimpelekea karatasi yenye picha ya dirisha lililo wazi.

Mfanyakazi huyo ni mimi. Ripoti yangu ilikuwa imesomwa katika kikao ambacho watu wa nyumba walihudhuria, nao wakachukua sentensi waliyoihitaji.

Mwezi huo wa Februari mtoto alilazwa hospitali usiku tatu, akiwa amewekewa oksijeni. Nilikwenda kumtazama. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamwomba radhi. Akanishika mkono, akaniambia, "Wewe uliandika kile uliona, dada."

Maneno yale yaliniumiza kuliko kama angenitukana, kwa sababu hayakuwa kweli. Nilichokiona ni ukuta. Nilichokiandika ni mama.

Mtoto ambaye sheria imepewa jina lake

Yeyote anayeishi katika nyumba za kaunsili au za mashirika hapa Uingereza anapaswa kujua habari za Awaab Ishak. Alikuwa mtoto wa familia iliyotoka Sudan, wakiishi katika fleti mjini Rochdale, karibu na Manchester. Baba yake aliripoti kuvu ukutani mwaka 2017, kabla Awaab hajazaliwa. Akaambiwa apake rangi juu yake. Akapaka. Kuvu ikarudi. Mwaka 2020 mhudumu wa afya anayetembelea watoto naye aliandika barua kueleza wasiwasi wake. Familia ilipotafuta wakili, matengenezo yalisimamishwa kusubiri mambo ya kisheria.

Awaab alifariki tarehe 21 Desemba 2020, siku nane baada ya kutimiza miaka 2. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitoa uamuzi wake: maradhi ya njia ya hewa yaliyomuua yalitokana na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu.

Jambo moja lililojitokeza katika uchunguzi ule linatuhusu sisi moja kwa moja. Wenye nyumba walikuwa wamechukulia kwamba kuvu imeletwa na mwenendo wa familia, pamoja na dhana kwamba watu hawa huoga kwa ndoo na kumwaga maji sakafuni. Wazazi walisema hawakuwa wakifanya hivyo. Baadaye shirika lenyewe lilikubali kwamba lilikosea kudhani mambo kuhusu maisha ya familia ile.

Niliposoma habari ya ndoo nilinyamaza kidogo. Ni wangapi kati yetu tunaoga kwa ndoo na kopo hata baada ya miaka ishirini Ulaya? Ni nani asiyejua udhu? Kama kuoga kungeozesha kuta, Mombasa nzima ingekwisha anguka.

Mwaka mmoja kabla ya uamuzi huo, Oktoba 2021, ofisi ya Housing Ombudsman, inayosikiliza malalamiko ya wapangaji, ilikwisha toa ripoti kuhusu unyevu na kuvu. Ujumbe wake mkubwa ulikuwa kwamba wenye nyumba waache kukimbilia kusema ni mtindo wa maisha ya mpangaji. Ripoti hiyo ilikuwapo siku nilipoandika sentensi yangu. Sikuwa nimeisoma.

Mama yangu alinikumbusha Owino Uhuru

Siku moja ya Jumapili nilimsimulia mama yangu kwenye simu. Yeye yuko Mikindani mpaka leo, katika nyumba niliyozaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwani umesahau ya Owino Uhuru?"

Kwa wasioifahamu, Owino Uhuru ni kijiji cha watu wapatao 3,000 kilichobanwa katikati ya viwanda huko kwetu Mikindani. Kiwanda kimoja kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Usichanganye na risasi ya bunduki. Hii ni madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo na damu. Moshi ulishuka juu ya mabati ya watu, na maji machafu yakapita kwenye vijia ambako watoto walicheza.

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho. Punde mwanawe mchanga akaanza kuugua. Homa haikukoma. Madaktari walitafuta malaria, wakatafuta taifodi, wasione. Hatimaye damu ya mtoto ilipimwa risasi, ikakutwa nayo, na mama akaelezwa kuwa huenda aliipata kwa maziwa yake mwenyewe. Omido akaacha kazi, akaanza kwenda nyumba kwa nyumba akiwahimiza wazazi wapime watoto wao. Alikamatwa na polisi, alitishwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa watetezi wa mazingira duniani.

Kesi ya wanakijiji ilikwenda mbali. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Nguzo ya kesi yao ilikuwa Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Hayo yote niliyajua kwa kusoma. Alilonieleza mama halimo magazetini.

"Unajua sisi wa huku juu tulikuwa tukisemaje?" akaniuliza. "Tulikuwa tukisema watu wa kule kijijini hawajui kulea. Watoto wao wana upele, wanaharisha, wachafu. Mimi mwenyewe nimesema hivyo, Mungu anisamehe. Kumbe watoto wanalishwa sumu."

Basi mimi na mama tulikuwa tumefanya kosa moja, yeye huko na mimi huku, na miaka mingi katikati. Tuliona mtoto mgonjwa, tukamtazama mama yake.

Ukuta mmoja, familia sita

Nilichofanya baadaye hakikuhitaji elimu kubwa. Nilirudi kwenye jengo lile Jumamosi moja na daftari la miraba, la kufanyia hesabu. Nikachora jengo kama lilivyo: ghorofa nne, na upande wa kaskazini fleti mbili kila ghorofa. Jumla nane. Mama wa Bukavu akanifuata, tukabisha hodi mlango kwa mlango.

Fleti moja haikuwa na mtu. Moja haikuwa na unyevu. Sita zilizobaki zilikuwa na doa lile lile, pembe ile ile ya dari, ukuta ule ule wa nje. Palikuwa na familia ya Kisomali, wanandoa vijana kutoka Poland, mama mmoja wa Kirundi na binti yake, na jamaa wa Nigeria anayefanya kazi usiku. Na palikuwa na mzee wa Kiingereza aliyeishi peke yake tangu afiwe na mkewe. Mzee huyo hana mtoto wa kuogesha, hapiki maharage, chakula chake ni mkate wa kubanika na chai. Ukuta wake ulikuwa mweusi kuliko wote.

Mzee alitutazama, mimi na mama wa Bukavu, akasema kwamba alikwisha ambiwa afungue madirisha. Anaambiwa hivyo kwa miaka mitatu.

Kurudi kwangu nilikuwa na ukurasa mmoja wa daftari wenye alama sita za msalaba zilizopangana wima, kama ngazi. Mtu yeyote mwenye macho angeelewa kwamba watu sita wasiofahamiana, wa nchi sita tofauti, hawawezi wote kuwa wabaya wa kutunza nyumba katika ukuta mmoja. Maji yalikuwa yakitoka juu.

Tukaandika barua moja, familia sita zikatia sahihi. Mzee ndiye aliyesahihisha Kiingereza changu. Tukaambatanisha ule mchoro, picha zenye tarehe, na barua ya daktari ya mtoto wa Bukavu na ya mtoto mwingine mwenye pumu. Nami nikaandika barua ya pili, peke yangu, kwenda ofisini kwetu na kwa shirika la nyumba, kusema kwamba sentensi yangu ya Januari haikuwa na msingi na ninaifuta. Mkuu wangu aliniuliza kama ni lazima. Nikamwambia kwamba barua ya kwanza ingali inafanya kazi mahali fulani, na isipofutwa itaendelea kufanya kazi.

Mkaguzi alipopanda darini alikuta mfereji wa maji ya mvua umepasuka, na maji yalikuwa yakiingia katikati ya ukuta kwa muda mrefu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa darini, na watu wa chini wakaambiwa wajizibe wenyewe kwa kufungua dirisha. Tangu barua yetu hadi ukuta kukauka ilipita miezi saba. Familia mbili zenye watoto wagonjwa zilihamishwa kwa muda.

Kwa nini hili ni jambo la haki

Watu wengi wakisikia neno mazingira hufikiria misitu, ndovu na bahari. Ni kweli, lakini kwa mtoto wa miaka minne mazingira ni ukuta ulio karibu na mto wake. Ni hewa ya barabara anayopita kwenda shule na maji ya bomba analokinga.

Swali la haki ni hili: nani anapewa ukuta gani? Kiwanda cha betri hakikujengwa Nyali, kilijengwa ubavuni mwa watu wa mabati. Fleti zenye mifereji mibovu hawapewi wenye mishahara mizuri, hupewa anayekuja na mabegi mawili na karatasi za ukimbizi, ambaye hajui Kiingereza cha kulalamika na anaogopa kwamba akilalamika atanyang'anywa watoto. Hofu hiyo ya mwisho naijua vizuri. Mara nyingi, mimi nikibisha hodi, ndiyo inayonifungulia mlango.

Tarehe zinanikumbusha jambo. Tarehe 16 Desemba 2020, siku tano tu kabla ya Awaab kufariki, mchunguzi wa vifo mjini London aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah. Ella alikuwa msichana wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara yenye magari mengi huko Lewisham. Alilazwa hospitali karibu mara 30 kwa pumu kabla ya kufariki Februari 2013. Alikuwa mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa hewa chafu kama sababu mojawapo ya kifo chake. Mama yake, Rosamund, ambaye alikuwa mwalimu, ndiye aliyepigania uchunguzi ule urudiwe. Kabla ya hapo, hakuna aliyemwambia kwamba pumu ya mwanawe inahusiana na barabara iliyo nje ya mlango.

Omido, Rosamund, na wazazi wa Awaab: wote ni wazazi waliolazimika kuwa wapelelezi wa maradhi ya watoto wao wenyewe. Kazi hiyo tulipaswa kuifanya sisi tunaolipwa kwa jina la ustawi.

Ukiwa na unyevu nyumbani mwako

Nimeombwa nitoe ushauri kwa wasomaji. Huu ndio ninaowapa wanaokuja kwangu.

Kwanza, andika. Simu ni nzuri, lakini simu husahauliwa. Tuma barua pepe au ujumbe kwa mwenye nyumba, omba namba ya kumbukumbu, na uihifadhi. Piga picha kila wiki katika pembe ile ile, uweke na tarehe. Usipake rangi juu ya kuvu kabla ya kupiga picha.

Pili, mweleze daktari kuhusu nyumba, si kikohozi tu. Sema wazi: chumba anacholala mtoto kina kuvu. Omba aandike hivyo katika faili na akupe barua.

Tatu, zijue tarehe. Tangu Oktoba 2025, Uingereza kwa maana ya England ina kanuni zinazoitwa Sheria ya Awaab, kwa nyumba za kaunsili na za mashirika. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, upewe matokeo kwa maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya uchunguzi kumalizika, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Ikishindikana, mwenye nyumba akupe mahali pengine pa kukaa kwa gharama yake. Ukimaliza hatua za malalamiko za shirika lenyewe bila kuridhika, nenda kwa Housing Ombudsman. Ni bure.

Nne, bisha hodi kwa jirani. Hili ndilo ninalosisitiza kuliko yote. Sisi huona haya kuonyesha mgeni ukuta mchafu. Tunausogezea kabati, tunautundikia pazia. Mficha uchi hazai. Jirani yako naye amesogeza kabati mahali pale pale.

Ndugu wa Marekani, kwenu hatari kubwa ya nyumba kuukuu ni ile ile ya Owino Uhuru, yaani risasi. Rangi za nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1978 huenda zina risasi, na sheria inamtaka mwenye nyumba akueleze anachokijua kabla hujatia sahihi mkataba. Rangi ikibanduka, vumbi lake humfikia mtoto anayetambaa. Watoto wanaofika kama wakimbizi hushauriwa kupimwa damu; kama wako hakupimwa, uliza.

Na walio Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa wanaofanya kazi juani: kuanzia Juni hadi Agosti kazi za nje zinakatazwa kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Mwambie mdogo wako ailewe haki hiyo. Mtu akianguka kwa joto, si kwamba ni mvivu au hakunywa maji tu.

Kwa vijana wanaosomea ustawi wa jamii

Najua wako wengi kati yenu, hapa na hata nyumbani, pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii Dar es Salaam au vyuo vya Nairobi. Mmefundishwa kwamba tafsiri ya kimataifa ya taaluma yetu, iliyopitishwa mwaka 2014, inataja haki ya jamii, na inatutaka tushughulike na watu pamoja na mifumo inayowazunguka. Mtihani mtaupasi. Ugumu uko kwenye kochi la mtu, jioni ya Januari, mkiwa na fomu yenye nafasi ya kuandika mapungufu ya mzazi na isiyo na nafasi ya kuandika mapungufu ya paa.

Fomu zetu ndivyo zilivyo. Zinauliza mama anafanya nini. Haziulizi mwenye nyumba anafanya nini. Mimi sasa hujaza fomu, kisha naongeza karatasi. Naandika ukuta uko upande gani, nimeona nini, nimegusa nini, umeme unalipwa vipi, majirani wanasemaje, na malalamiko yalipelekwa lini. Inanichukua dakika ishirini zaidi. Wenzangu wawili wameanza kuiga, na mmoja ameomba daftari la miraba.

Sisemi kwamba wazazi hawakosei. Wapo wanaokosea, na watoto wapo wanaohitaji kulindwa dhidi ya wazazi wao. Nasema tu kwamba kumshauri mtu afungue dirisha ni rahisi na hakumgharimu yeyote aliyeko ofisini, na kwa sababu hiyo tunapaswa kulitilia shaka kila linapotujia mdomoni kwanza.

Yule mvulana wa Bukavu sasa yuko darasa la kwanza. Bado ana pampu ya pumu kwenye mkoba wake, na daktari anasema huenda atakuwa nayo kwa miaka mingi. Mwezi uliopita mama yake alinialika chakula. Chumba cha watoto kimepakwa rangi ya samawati, na kitanda kimerudishwa kwenye ukuta ule ule. Kabla ya kukaa mezani niliomba ruhusa, nikaingia, nikauwekea mkono.

Ulikuwa mkavu. Mama akacheka akiwa mlangoni.

"Na mimi naugusaka kila asubuhi, dada," akasema. "Mpaka leo."